Obamacare ni mali ya chama gani hasa?

SWALI: Ndugu mwandishi, habari za kazi. Ninaishi Louisville, Kentucky, na nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wakati wa mapumziko tunabishana sana kuhusu Obamacare, ile sheria ya bima ya afya ya Rais Barack Obama. Mwenzangu mmoja anasema mpango wote ulibuniwa na Warepublican, Obama akaubandika jina lake tu. Mwingine anasema Wademokrati waliupitisha usiku wa manane bila Mrepublican hata mmoja. Nani mkweli? Na kama mpango ulikuwa wao, kwa nini waliukataa wote?

JIBU: Ndugu yangu, wenzako wote wawili wameshika jambo la kweli. Wa kwanza anazungumzia wazo moja kubwa lililomo ndani ya sheria hiyo, nalo kweli lilizaliwa kwa Warepublican. Wa pili anazungumzia kura za bungeni, na hesabu yake ni sahihi. Nisichokubali ni kila mmoja kukifanya kipande chake kuwa habari yote, kwa sababu kati ya wazo na kura kulikuwa na fedha, na kwenye fedha ndiko vyama hivi viwili vilikoachana.

Nianze na wazo. Kwa mtu asiyepata bima kazini, sheria ya 2010 iliweka mambo matatu yanayotegemeana. Kampuni ya bima hairuhusiwi kumkataa mtu wala kumtoza zaidi kwa sababu ya maradhi aliyonayo. Lakini katazo hilo likibaki peke yake, watu watasubiri mpaka waugue ndipo wakate bima. Kwa hiyo kila mtu akalazimishwa kuwa na bima au alipe faini. Na kwa kuwa haifai kumlazimisha mtu anunue asichokimudu, serikali ikaahidi kumchangia mwenye kipato kidogo.

Lile la katikati, sharti la kila mtu kuwa na bima, ndilo analolisema mwenzako wa kwanza. Mwaka 1989 Stuart Butler, mchambuzi wa Heritage Foundation, taasisi kubwa ya wahafidhina mjini Washington, alipendekeza kwamba kila kaya ilazimishwe na sheria kuwa na bima ya afya. Hoja yake ilitokana na hali iliyokuwapo. Tangu 1986, kwa sheria iliyosainiwa na Rais Ronald Reagan, karibu hospitali zote za Marekani hazina ruhusa ya kumfukuza mgonjwa wa dharura kwa sababu hana pesa. Sasa kijana mwenye afya na mshahara mzuri akiamua kutokata bima, kisha akapata ajali mbaya, atatibiwa tu, na gharama zitahamia kwa wengine wanaolipa. Kwa wahafidhina wa wakati ule, kumbana kijana huyo lilikuwa suala la uwajibikaji wa mtu binafsi. Miaka miwili baadaye, mchumi Mark Pauly na wenzake waliandaa pendekezo linalofanana na hilo, wakiwa na matumaini kwamba serikali ya George Bush baba ingelichukua.

Wazo hilo lilikuwa pia ngao. Upande wa pili, Wademokrati walikuwa na mapendekezo mawili: serikali ilipie matibabu ya wote kama Kanada, au kila mwajiri alazimishwe kuwakatia bima wafanyakazi wake. Warepublican waliotaka kuzuia yote mawili walihitaji kuwa na chao cha kuonyesha. Bill Clinton alipoleta mpango wake 1993, ulioandaliwa chini ya usimamizi wa mkewe Hillary, seneta John Chafee wa Rhode Island, Mrepublican, alijibu kwa muswada wa kwake. Ndani yake mlikuwa na sharti la kila mtu kuwa na bima, hati za kuwasaidia maskini kulipia, na marufuku ya kuwakataa wagonjwa. Maseneta wapatao 20 waliutia saini, karibu wote Warepublican, akiwamo kiongozi wao Bob Dole, pamoja na Orrin Hatch wa Utah na Charles Grassley wa Iowa. Hao wawili wa mwisho uwakumbuke, tutakutana nao tena.

Hapo mwenzako wa kwanza angependa tuishie. Lakini muswada wa Chafee haukuwahi kupigiwa kura. Desemba 1993 William Kristol, mtaalamu wa mikakati wa Warepublican, aliwaandikia viongozi wa chama waraka akiwasihi wasikae kujadiliana na Clinton juu ya marekebisho. Waue mpango wote. Alieleza waziwazi kwamba Clinton akifanikiwa, watu wa tabaka la kati watawaona Wademokrati kuwa watetezi wao kwa miaka mingi. Kampuni za bima nazo zikamwaga pesa kwenye matangazo ya televisheni yaliyomwonyesha mume na mke wakikaa mezani na kuuhofia mpango wa serikali. Dole akajitenga na muswada aliousaini mwenyewe. Septemba 1994 mpango wa Clinton ukatangazwa kuwa umekufa, na Novemba Warepublican wakalitwaa Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40. Kwangu mimi, mwaka huo ndio uliofundisha siasa zote zilizofuata: chama kinachopinga marekebisho ya afya kilionekana kulipwa kwa kupinga.

Wazo lilibaki kwenye makaratasi hadi Massachusetts ilipolifufua. Tarehe 12 Aprili 2006, katika ukumbi wa kihistoria wa Faneuil Hall mjini Boston, gavana Mitt Romney, Mrepublican aliyekuwa ameshaanza kuutazama urais, alisaini sheria iliyomtaka kila mkazi wa jimbo lile awe na bima. Nyuma yake alisimama seneta Ted Kennedy, Mdemokrati aliyepigania bima ya wote maisha yake yote na aliyekuwa amemshinda Romney kwenye uchaguzi wa useneta 1994. Heritage Foundation nayo ilikuwa na mjumbe wake mle ukumbini, na alizungumza. Serikali ya Bush mtoto ndiyo iliyotoa idhini, kwa sababu jimbo lilikuwa hatarini kupoteza mamia ya mamilioni ya dola za Medicaid, mpango wa serikali wa kuwalipia matibabu wenye kipato kidogo, lisipobadilisha namna ya kuzitumia. Kila mmoja mle ndani alikuwa na sababu yake ya kutabasamu. Jambo moja lakini huwa halisemwi na wanaoisimulia siku ile: Romney alikataa baadhi ya vifungu, ukiwamo ule wa kuwatoza waajiri wasiochangia bima, na bunge la jimbo, lililojaa Wademokrati, likavirudisha juu ya kichwa chake. Hata huko, ukifika kwenye suala la nani alipe, njia ziligawanyika.

Sasa njoo kwa Obama. Mwaka 2008, akichuana na Hillary Clinton kuwania tiketi ya chama, Obama alilipinga sharti la kila mtu mzima kuwa na bima. Hillary ndiye aliyelitetea. Obama aligeuka baada ya kuingia Ikulu, kwa sababu watu waliokuwa wanaandika muswada, hasa Max Baucus, mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya Seneti, walikwishaamua kufuata njia ya Massachusetts. Walikuwa na kumbukumbu chungu ya 1994. Walitaka mpango usiowagusa watu wenye bima tayari na usiozifanya kampuni za bima kuwa adui, tena wenye saini ya gavana Mrepublican mahali fulani. Waliamini hilo litaleta kura za upande wa pili.

Na walijaribu kuzipata, usimwamini anayesema hawakujaribu. Kiangazi chote cha 2009 maseneta sita, Wademokrati watatu na Warepublican watatu, walikaa faragha wakitafuta mwafaka. Baucus aliuchelewesha muswada kwa miezi ili mazungumzo yaendelee, mpaka wenzake wa chama wakamlalamikia. Mmoja wa wale Warepublican watatu alikuwa Grassley yuleyule wa 1993. Juni alisema kwenye televisheni kwamba anaamini vyama vyote viwili vinakubaliana kuhusu sharti la kuwa na bima. Agosti, kwenye mikutano na wapiga kura wa Iowa waliojaa hasira, alikuwa akiwaambia wana haki ya kuogopa mpango wa serikali utakaoamua lini bibi yao aachwe afe. Siku chache kabla, Sarah Palin, aliyekuwa mgombea mwenza wa Warepublican 2008, alikuwa ameandika kwamba muswada utaunda majopo ya kuamua nani aishi na nani afe. Kilichokuwamo kwenye muswada wa Wawakilishi ni kifungu cha kumlipa daktari pale mzee anapotaka ushauri kuhusu matibabu ya mwisho wa maisha yake. Wewe unayefanya kazi na wazee unajua mazungumzo hayo yanavyohitajika. Uongo ule uliwaumiza wazee wengi, nao ulisababisha kifungu chenyewe kuondolewa.

Mrepublican pekee aliyeuunga mkono muswada kwenye Kamati ya Fedha alikuwa Olympia Snowe wa Maine, mwezi Oktoba. Ulipofika mbele ya Seneti nzima, naye aliukataa. Kwa upande wa Wawakilishi, toleo lao la kwanza, lililopita Novemba kwa kura 220 dhidi ya 215, lilipata Mrepublican mmoja, Joseph Cao wa New Orleans.

Turudi kwenye fedha nilizozitaja mwanzoni, maana hapo ndipo hoja ya “mpango ulikuwa wao” inapokwama. Sheria ya 2010 ina miguu mingine ambayo haikuwamo kwa Butler wala kwa Chafee. Ilipanua Medicaid ili impokee mtu mzima yeyote mwenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya mstari wa umaskini, awe na watoto au asiwe nao. Ili kulipia hayo na ruzuku za bima, iliongeza kodi kwa wenye kipato cha zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, pamoja na kodi ya asilimia 3.8 juu ya mapato ya uwekezaji wao. Huko ni kuchukua kwa matajiri na kupeleka kwa maskini kwa kiwango ambacho Marekani haikukiona kwenye afya tangu 1965. Mhafidhina aliyekubali kumlazimisha kijana tajiri ajikatie bima hakulazimika kukubali na hayo. Mtu anayekuambia upinzani wote ulikuwa unafiki anawanyima wapinzani haki yao. Wengi wao walikataa ukubwa wa mfuko wa serikali, na walikuwa wakiukataa miaka yote.

Ila unafiki nao ulikuwapo, na mahali pa kuuona ni kura ya tarehe 23 Desemba 2009. Seneta John Ensign wa Nevada aliliomba Seneti litamke kwamba sharti la kununua bima linavunja Katiba. Warepublican wote waliopiga kura siku ile walikubaliana naye, wakiwamo Hatch na Grassley, waliotia saini sharti hilohilo miaka 16 nyuma. Hoja ilishindwa kwa kura 39 dhidi ya 60. Kesho yake, saa 1 asubuhi ya mkesha wa Krismasi, Seneti likaupitisha muswada kwa 60 dhidi ya 39, theluji ikiwa bado mitaani. Robert Byrd wa West Virginia, mwenye miaka 92, aliletwa kwa kiti cha magurudumu, na akatamka kwamba kura yake ni kwa ajili ya rafiki yake Ted Kennedy, aliyefariki Agosti mwaka ule. Kuhusu usiku wa manane, mwenzako wa pili huenda anaikumbuka kura ya siku tatu kabla, ya kufunga mjadala, iliyopigwa baada ya saa 7 usiku.

Kisha kiti cha Kennedy kikachukuliwa na Mrepublican Scott Brown katika uchaguzi wa Januari 2010, na Wademokrati wakapoteza kura yao ya 60, ile iliyowawezesha kuzima mjadala usio na mwisho. Wakabaki na njia moja: Wawakilishi waupitishe muswada wa Seneti kama ulivyo, halafu marekebisho yaende kwenye muswada wa bajeti, ambao Seneti huupitisha kwa wingi wa kawaida. Tarehe 21 Machi 2010, Jumapili usiku, Wawakilishi waliupitisha kwa 219 dhidi ya 212. Hakuna Mrepublican aliyesema ndiyo, na Wademokrati 34 walisema hapana. Obama akausaini siku mbili baadaye.

Kwa nini hata mmoja hakubaki? Jibu la karibu yako ni Mitch McConnell, seneta wa Kentucky, aliyekuwa kiongozi wa Warepublican kwenye Seneti. Alikuja kueleza waziwazi mkakati wake: muswada ukibeba majina ya vyama vyote viwili, wananchi wataamini tofauti zimemalizwa, na chama cha upinzani hakitakuwa na la kusema. Kwa hiyo alikaa na maseneta wake mmojammoja ili asitoke hata mmoja. Ni mafunzo yaleyale ya waraka wa 1993, yakitekelezwa kwa nidhamu zaidi.

Jibu la mbali kidogo ni kwamba vyama vyenyewe vilikuwa vimebadilika. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, na Medicaid zilipopitishwa 1965, Warepublican 70 kwenye Baraza la Wawakilishi na 13 kwenye Seneti walipiga kura ya ndiyo, kwa kuwa chama kile kilikuwa na watu wengi wa msimamo wa wastani kutoka Kaskazini Mashariki, kama ambavyo Wademokrati walikuwa na wahafidhina wengi wa Kusini. Kufikia 2009 watu hao walikuwa karibu wameisha. Mtoto wa John Chafee, Lincoln, aliyerithi kiti cha baba yake, alishindwa 2006 na mwaka uliofuata akakihama chama cha Republican.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, kwa sababu unayakumbuka. Novemba 2010 Wademokrati walipoteza viti 63 vya Wawakilishi. Juni 2012 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliokoa sharti la bima kwa kulihesabu kuwa kodi, lakini ikaamua kwamba jimbo haliwezi kulazimishwa kupanua Medicaid. Uamuzi huo wa pili haukutiliwa maanani sana siku ile, na bado ndio uliogawa nchi. Mpaka leo majimbo 10 hayajapanua, mengi ya Kusini, zikiwamo Texas na Florida. Kentucky yako ilipanua kwa sababu gavana Steve Beshear, Mdemokrati, alikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo bila kulisubiri bunge la jimbo. Soko la bima la jimbo, yaani tovuti ya kujiandikishia bima, aliliita Kynect. Uchunguzi wa maoni wa 2014 ulikuta asilimia 57 ya wapiga kura wa Kentucky wanaichukia Obamacare, na asilimia 22 tu wanaichukia Kynect, ambayo ni Obamacare hiyohiyo ikitolewa pale jimboni. Gavana Mrepublican Matt Bevin aliifunga Kynect alipoingia. Andy Beshear, mtoto wa Steve, ameirudisha.

Mwaka 2017 Warepublican walikuwa na Ikulu na mabaraza yote mawili, na miaka saba ya kuahidi kuifuta sheria hii. Hawakuweza. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai, yapata saa 7 na nusu, John McCain, seneta Mrepublican wa Arizona aliyekuwa ametoka kugunduliwa na saratani ya ubongo, alinyoosha mkono mbele ya meza ya karani na kuelekeza kidole gumba chini. Muswada wa kufuta ulikufa kwa 49 dhidi ya 51. Desemba mwaka huohuo, kupitia sheria ya kodi, walifanikiwa kuifanya faini ya kutokuwa na bima kuwa sifuri kuanzia 2019.

Hili ndilo ningependa uwapelekee wenzako wote wawili. Kipande kilichozaliwa kwa Warepublican, lile sharti la Butler na Chafee na Romney, ndicho kilichoondolewa, na walioondoa ni Warepublican wenyewe. Wengi walitabiri kwamba soko la bima litaporomoka bila sharti hilo. Halikuporomoka, kwa sababu ruzuku ya serikali hupanda pamoja na bei ya bima, kwa hiyo mwenye kipato kidogo hakuwa na sababu ya kukimbia. Sheria iliyobaki leo imesimama juu ya ruzuku na Medicaid, yaani juu ya fedha, na fedha hizo ziliwekwa na Wademokrati peke yao. Watu wasio na bima, waliokuwa zaidi ya milioni 45 mwaka 2010, walishuka chini ya milioni 30 kwa miaka sita, na sehemu kubwa ya kushuka huko ililetwa na Medicaid na ruzuku kuliko na woga wa faini.

Ndiyo maana ugomvi wa sasa hautaji tena Katiba wala uhuru wa mtu kununua. Unataja dola. Ruzuku za ziada walizoziweka Wademokrati 2021 zilipewa ukomo wa mwisho wa 2025, na mvutano juu yake ulisababisha serikali kufungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025. Na tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alisaini sheria kubwa ya bajeti iliyopita bila Mdemokrati hata mmoja, kwa njia ileile ya wingi wa kawaida iliyotumika Machi 2010. Sheria hiyo inawataka watu wazima wengi walioingia Medicaid kupitia upanuzi wathibitishe saa 80 za kazi au masomo au kujitolea kila mwezi, ifikapo mwanzoni mwa 2027.

Ina kifungu kingine ambacho ni lazima nikitaje, kwa kuwa Louisville ina wakimbizi wengi wanaozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, mkimbizi au mtu aliyepewa hifadhi ambaye bado hana green card hatahesabiwa kuwa mwenye haki ya Medicaid inayolipiwa na serikali kuu, isipokuwa watoto na wajawazito kwenye majimbo yaliyochagua kuwalinda. Mkimbizi anatakiwa kuomba green card akishatimiza mwaka mmoja nchini. Ukimjua yeyote kanisani, msikitini au kazini aliyetimiza mwaka na hajaomba, mwambie aende wiki hii kwenye shirika lililompokea, wamsaidie kujaza fomu.